Siku Niliyotema Pombe Yangu Mwenyewe

Kuna watu pale Kizota mpaka leo wakiniona napita wanainua mkono juu kama mtu aliyeshika glasi, na mimi nawaitikia, nitafanyaje, maana walichokiona walikiona mchana kweupe na mimi ndiye niliyewaonyesha. Nimekana mambo mengi maishani (hata umri wangu nimewahi kuukana, tena mbele ya karani wa sensa), lakini hili silikani kwa sababu mashahidi ni wengi na wengine ni wanakwaya wenzangu. Kwa hiyo nalisimulia mwenyewe kabla hamjalisikia kwa wengine, kwa kuwa wapo wanaosema nilikuwa peku na huo ni uongo, kilichonitoka ni kiatu kimoja tu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila kitu kimefunguliwa, maduka yamejaa, na wakati huo huo watu wanapunguzwa kazini kama majani ya mzabibu. Mimi nilikuwa nimefanya kazi miaka kumi na moja kwenye kiwanda cha mvinyo, kwanza naosha glasi katika chumba cha kuonjea, halafu napanga glasi, mwisho nikawa naonja na mimi pamoja na mabwana wenye makoti meupe, nikajua kuzungusha, kunusa, kuvuta hewa kwa meno, kusukutua na kutema kwenye ndoo. Kutema ndiyo kazi yenyewe, kwa sababu ukimeza sampuli ishirini kabla ya saa nne asubuhi hutaijua ya ishirini na moja. Basi wakanipunguza. Wakaleta matangi ya chuma, na mapipa ya zamani ya mwaloni wakayatoa nje juani yauzwe, na mimi nikayaangalia yale mapipa yaliyotupwa pamoja na mimi nikaona sisi ni wa kundi moja.

Nikanunua matatu, nikayaweka kwenye karakana niliyopanga. Moja lilikuwa limekaa mvinyo mwekundu, la pili mvinyo mweupe mtamu, la tatu brandi. Watu wakaniuliza unataka kufugia kuku, nikawaambia nataka kulazia pombe ya mtama. Wakacheka, na walikuwa na haki, kwa sababu pombe yetu ya mtama, ujimbi, haina desturi ya kulazwa, inapikwa leo, inanywewa keshokutwa, siku ya tano ni siki. Lakini mimi niliwaza hivi: nikiongeza asali ya Manyoni ya kutosha ili iwe na nguvu ya kukaa, nikaichuja vizuri, nikaifungia kwenye mbao zilizonyonya mvinyo miaka na miaka, itatoka kitu ambacho hakuna mtu nchi hii amewahi kukinywa. Mimi nikishikilia jambo huwa silitoi mkononi, marehemu baba alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi.

Mapipa yalikuwa yamekauka mpaka ukiweka jicho kwenye ubavu unaona jirani anachofanya. Hapo ndipo alipoingia Fundi Shabani, seremala wa karakana ya jirani, mtu wa mjini kabisa, babu zake walikuja na misafara, na yeye mwenyewe tone la pombe halijui. Nilimfuata kwa woga. Aligonga gonga mbao, akazinusa, akasema, "Mama Keneth, mimi kazi yangu ni pipa. Kitakachoingia ndani ni chako na Mungu wako." Akazikaza zile pete za chuma, akanifundisha kulijaza maji na kulisubiri siku nne mbao zivimbe zijizibe zenyewe, wala hakunicheka hata siku moja. Kumbukeni hilo, kwa sababu ndiye niliyemtenda vibaya kuliko wote.

Nikapika, nikajaza, nikangoja miezi saba. Katika miezi hiyo nilikuwa naonja kila wiki kwa kutumia mrija, nazungusha, nasukutua, natema. Ikawa nzuri, jamani. Nasema nzuri bila kujisifu. Ya pipa la pili hasa ilikuwa na ukali wa mtama mbele, halafu nyuma inakuja zabibu polepole kama mgeni mwenye adabu.

Mjini kulikuwa na Bwana Lazaro, anajenga hoteli, ametembea nchi za watu, akasikia habari zangu akaja karakanani. Akasema waheshimiwa na wageni wake bia za chupa wamezizoea, anataka kitu cha hapa hapa Dodoma. Lakini alikuwa na sharti lake moja. "Mimi si Mgogo, dada yangu. Niletee wazee wa Kigogo wainywe mbele ya macho yangu. Wao wakiikubali nachukua mapipa yote matatu na mengine utakayotengeneza. Wakiikataa, tutabaki kusalimiana tu." Nikakubali. Sikuwa na ujanja, mwenye karakana alikuwa ameshanipa taarifa kwamba mwisho wa mwezi anamwingiza mchomeleaji, na mimi bila oda ya hoteli nilikuwa narudi kwa kaka yangu Makutupora kuvuna zabibu kwa kibarua, kwenye mashamba yale yale yaliyokuwa yakikilisha kiwanda nilimokuwa navaa koti jeupe. Niliapa sirudi.

Tukapanga Ijumaa, saa tatu asubuhi. Alfajiri mdogo wangu Yunisi, ambaye ndiye alikuwa ananisaidia, akaniwekea uji nikaukataa. Nikamwambia mwonjaji hali kitu kabla ya kuonja, hanywi chai, hajipaki mafuta yenye harufu, ndivyo tulivyofundishwa. Yunisi akasema, "Dada, leo wewe si mwonjaji, leo wewe ni mwenye pombe." Nikamwona hajui kitu. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu siku hiyo lilikuwa limeshaandikiwa jeneza.

Wazee walifika saa tatu kamili. Walikuwa watatu kutoka Makutupora, mkubwa wao Mzee Ndahani, rafiki wa baba yangu, mtu mrefu mwenye mgolole na fimbo, ambaye kwetu pombe ya harusi isipopita kwenye mdomo wake inahesabiwa bado haijaiva. Nikawapigia shikamoo, wakaitika, Mzee Ndahani akaongeza "Mbukwenyi", salamu yetu ya Kigogo, kwa wote waliokuwepo, tukakaa. Bwana Lazaro hakutokea saa tatu, hakutokea saa nne, tumbo langu likaanza kuimba, nikalinyamazisha kwa glasi ya maji. Alifika saa tano na nusu, gari limepata pancha njia ya Morogoro. Nikasema haya, tuanze, nikaenda kugonga koki kwenye mapipa, koki ya kwanza ikagoma.

Niligonga kwa nyundo, ikagoma. Nikamtuma Yunisi kwa Fundi Shabani. Akaja ameshavaa kanzu yake nyeupe ya Ijumaa, imepigwa pasi mpaka inasimama, kofia kichwani, anataka kutoka. "Fundi, nisaidie dakika mbili," nikamwambia. Akatazama saa, akatazama uso wangu, akakunja mikono ya kanzu akazipiga zile koki tatu zikaingia. Ila mbao zilikuwa za zamani na zote tatu zikawa zinadondosha tone tone. Nikachukua ndoo yangu ya kutemea nikawa naisogeza huku na huku chini ya koki ili sakafu isilowe. Fundi akasema atakaa pembeni kidogo aone kama zitashika, zisiposhika atazifunga kwa uzi wa katani kabla ya kwenda msikitini. Huo ndio wema wa mtu yule.

Sasa sikilizeni kosa langu, na naomba mjue kwamba si kosa la kutojua. Kwetu mwenye pombe ndiye anayekunywa wa kwanza. Anajimiminia mbele ya wageni, anakunywa, anameza, wanamwona koo likipanda na kushuka, ndipo kata inazunguka. Maana yake hapa hakuna sumu, hapa hakuna dawa, mkifa tunakufa wote. Mama yangu alipika pombe miaka thelathini na sikumwona hata siku moja akimpa mtu kabla yeye hajameza. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Lakini Bwana Lazaro alikuwa amekaa pale na suti yake, mtu aliyetembea nchi za watu, nikataka aone kwamba mimi si mama muuza pombe wa kilabuni, mimi ni mtaalamu. Nikaona nikimeza nitaonekana mshamba.

Basi nikawajazia wageni glasi zao, kisha nikajimiminia pipa la kwanza kwenye glasi yenye mguu (nilikuwa na sita, nilizipata kiwandani, msiniulize nilizipataje), nikaizungusha, nikaiinua kwenye mwanga, nikanusa, nikavuta kinywani, nikasukutua kwa sauti, nikainama kwa madaha yote, nikatema kwenye ndoo.

Nilipoinua uso nilimkuta Bwana Lazaro anatikisa kichwa kwa kuridhika, nikafurahi, halafu nikageukia wazee nikaona wote watatu wameweka glasi zao chini sakafuni, zikiwa zimejaa, na Mzee Ndahani ameivuta fimbo yake karibu.

"Mwanangu," akasema taratibu, "hiyo pombe umeiweka nini?"

"Hamna kitu, baba. Mtama, kimea na asali."

"Mbona wewe mwenyewe umeitema?"

Nikaanza kueleza habari za waonjaji, za ulimi, za sampuli ishirini, na kadiri nilivyoeleza ndivyo mambo yalivyozidi kuharibika, kwa sababu mtu anayeeleza sana kwa nini hajameza pombe aliyoipika mwenyewe anafanana kabisa na mtu aliyeweka kitu. Mzee mmoja akamwambia mwenzake kwa Kigogo, na mimi nasikia, kwamba baba yangu alikuwa mtu mzuri, sijui huyu amefuata upande gani. Jambo hilo lilinichoma. Bwana Lazaro akauliza kuna tatizo gani, Mzee Ndahani akamjibu kwa Kiswahili cha kunyooka, "Mwenye pombe hajanywa. Sisi tunakwenda." Nikamwona Bwana Lazaro anafunga kijitabu chake.

Nikawaambia wakae. Nikasema kama shida ni kumeza nitameza. Nikanyanyua glasi ile, Mzee Ndahani akaitazama akasema hiyo ni ya ndege, mwenye pombe hanywi kama ndege. Yunisi akaleta kikombe cha bati, kile kikubwa cha kunywea uji (uji wangu niliokataa ulikuwa bado umo, akaumwaga). Nikakijaza ya pipa la kwanza mpaka juu, nikakishusha chote nimesimama, wananitazama koo. Wakatazamana. Mzee Ndahani akasema, "Hilo moja. Mapipa ni matatu." Na mimi niliyezaliwa nimekunja ngumi nikaenda kwenye pipa la pili nikajaza, nikanywa. Nikaenda kwenye la tatu, la brandi, ambalo nilikuwa nimelipanga la mwisho kwa sababu ndilo kali kuliko yote, miezi yote ile nilikuwa nikilionja kiasi cha kijiko tu. Nikanywa kikombe kizima. Tumbo tupu, saa sita mchana, jua la Dodoma juu ya bati.

Wazee wakaokota glasi zao wakanywa. Nikawaona wananywa, nikajua nimeshinda, nikawa na furaha kubwa sana, na furaha hiyo ndiyo iliyoniponza, kwa kuwa nilikaa kimya labda dakika tano tu halafu nikasikia sauti ya mwanamke inahutubia. Nikatafuta ni nani. Nilikuwa mimi. Nilikuwa nahutubia kuhusu kupunguzwa kazi, kuhusu matangi ya chuma, kuhusu wanaume wanaocheka mapipa ya wenzao, kisha nikamgeukia Bwana Lazaro nikamwambia, "Na wewe mwanangu (alikuwa amenizidi umri), hoteli yako nimeiona. Vyumba vidogo kama kabati. Mtu akigeuka kitandani anafungua mlango." Mimi hoteli hiyo sikuwa nimewahi kukanyaga hata ngazi yake. Yunisi akanivuta nguo, nikamwambia anyamaze, wakubwa wanazungumza.

Halafu nikaiona ile ndoo. Ilikuwa imeshajaa karibu nusu kwa matone ya koki tatu pamoja na mate yangu ya kitaalamu, nayo ilinitazama pale sakafuni kama shahidi. Nikaona ndiyo iliyoniharibia siku, nikaamua kuiondoa mbele za watu. Hakuna aliyenituma. Fundi Shabani alikuwa amechuchumaa kwenye pipa la tatu, anafunga uzi wa katani kwenye koki ili awahi zake msikitini, kanzu ameikusanya kwa mkono mmoja isiguse chini. Nikabeba ndoo, nikapiga hatua mbili nzuri kabisa, ya tatu kiatu kikanasa kwenye mpira wa maji, kiatu kikabaki, mimi nikaendelea, na ndoo ikatangulia.

Ilimpata kuanzia kofia. Ilimshuka usoni, ikashika kifua, ikaingia kwenye mikono ya kanzu aliyoikunja kwa ajili yangu. Yeye mwenyewe alisimama polepole, akajipangusa macho, akanitazama, hata hasira sikuiona, niliona mtu aliyechoka. Kutoka msikitini adhana ikaanza. Akasema, "Mama Keneth, mimi nilikuja kukusaidia tu." Akatoka anakimbia kwenda kwake kuoga, na mtaani watu wakawa wanampisha njia na kugeuza pua, mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kunuka hata sigara.

Mimi nilikaa chini pale pale, nikalia, nikalala.

Yaliyofuata naambiwa, kwa hiyo sibishi wala siyathibitishi. Yunisi alishindwa kunibeba, akatafuta mkokoteni, mwenye mkokoteni akanipakia, na njiani, mwendo wa robo saa kutoka karakanani mpaka nyumbani kwangu ng'ambo ya reli, niliamka nikakaa wima kama bibi harusi, glasi yenye mguu mkononi (nani aliyenipa hajulikani), nikawa nawasalimia watu wa pande zote mbili. "Mbukwenyi," nasema, nainua glasi. Tulipita mbele ya kina mama wa kwaya waliokuwa wanatoka mazoezini. Inasemekana niliwaambia sauti ya pili ilikuwa chini siku zote.

Jumamosi sikutoka ndani. Jumapili sikwenda kanisani, wanakwaya wakaja wao, wakaniombea, mmoja akawa anajizuia kucheka katikati ya amina. Jumapili jioni nikajiuliza swali moja tu, nirudi Makutupora kwa kaka au nisirudi, na jibu likawa lile lile. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Jumatatu asubuhi nikala ugali wa jana na maziwa ya mgando mpaka nikashiba, nikavaa gauni la kanisani, nikatoka.

Kwanza nikaenda kwa Fundi Shabani. Nikakuta anapiga randa, hakuacha. Nikasimama mlangoni nikamwomba radhi, sikueleza kitu, nilikuwa nimeshajifunza ubaya wa kueleza. Akapiga randa ubao ule mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba Ijumaa alifika amechelewa, ndani kumejaa, akaswali nje juani safu ya mwisho kabisa na nywele zinachuruzika maji, na kila aliyemsalimia alimuuliza ilikuwaje. "Nikawaambia pipa limepasuka," akasema. "Sikukutaja." Nilitamani angenitukana.

Halafu nikaenda hotelini. Bwana Lazaro alinikalisha mapokezi karibu saa nzima, na mimi nikakaa, nikipimwa na macho ya kila anayepita. Alipokuja nikamwambia nimekuja kuomba radhi kuhusu vyumba. Akasema, "Ungeviona kwanza." Halafu akasema wazee walibaki mpaka alasiri baada ya mimi kupakiwa. La kwanza walisema linanuka kiwanda. La tatu walisema ni la kumlaza mtu, na mfano walikuwa wameuona. La pili walilimaliza robo, na Mzee Ndahani alipokuwa anaondoka alimwambia Bwana Lazaro hivi: yule binti ana kichwa kigumu na mdomo mrefu, lakini hii ni pombe. "Nalichukua la pili," akasema Bwana Lazaro, "na utengeneze mengine matatu kama hilo. Ila nina sharti moja."

Nikamwambia sharti lolote.

"Siku ya kufungua hoteli nitawaonjesha wageni. Wewe usije."

Nikamwambia sawa, bwana, tukapeana mikono. Karakana haikupewa mchomeleaji, na mimi sikuvuna zabibu za mtu. Tangu siku hiyo nimeapa mambo mawili na yote nimeyashika: mtu akija kwangu kunywa nakunywa naye na nameza, na kabla ya kumeza nimekula.

Siku ya kufungua hoteli ilipofika, watu walijaa, magari yakapanga mstari mpaka barabarani. Yunisi ndiye aliyekwenda na pipa, ndiye aliyenisimulia. Anasema mheshimiwa mmoja alikunywa glasi ya kwanza, akaomba ya pili, akasimama akauliza kwa sauti, hii kitu ya ajabu imetengenezwa na nani, aletwe tumpigie makofi. Bwana Lazaro akajibu kwamba fundi wetu kwa bahati mbaya yuko safarini, basi wakanipigia makofi hivyo hivyo, marefu, sipo. Sikuwa safarini. Nilikuwa Kizota, nimekaa kwenye kigoda, nasaga kimea cha pipa linalofuata.